Kutandika nyasi bandia kwenye majengo ya biashara: kuanzia udongo hadi mchanga wa juu

Nyasi bandia zikiharibika mbele ya hoteli, ofisi au duka, lawama ya kwanza hubebeshwa kapeti. Mara nyingi kapeti halina kosa. Kokoto zilishindiliwa kijuujuu, kiungo cha roli mbili kilipakwa gundi kwenye unyevu, au maji hayakupewa njia ya kutokea. Eneo la biashara lina miguu mingi kuliko bustani ya nyumbani: meza zinaburutwa, matoroli ya mizigo yanapita, wafanya usafi wanamwaga maji kila asubuhi. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye tabaka la chini na kwenye viungo. Fedha zikipungua, punguza urefu wa nyuzi au ukubwa wa eneo, lakini unene wa kokoto uache kama ulivyo.

Kabla ya kuagiza chochote

Pima eneo na ulichore kwa kipimo. Kwenye mchoro onyesha kila chemba, bomba, waya wa umeme, shimo la kutolea maji na mahali pa kuunganishia maji ya zimamoto. Mwombe mwenye jengo ramani za mabomba na nyaya. Zikikosekana, sehemu zenye shaka zichimbwe kwa mkono, mashine ya kuchimba isiguse. Mfumo wa zamani wa kumwagilia usiufukie ukiwa na maji ndani, kwa sababu ukipasuka chini ya kapeti utasomba vumbi la mawe, yaani tabaka jembamba lililo juu ya kokoto, kimyakimya hadi uso udidimie. Uzibe kwenye chanzo chake, na ubakize bomba moja au mawili ya kuoshea nyasi.

Kisha tazama vioo vya jengo. Hili husahaulika sana na gharama yake ni kubwa. Vioo vilivyopakwa utando wa kuzuia joto hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, na kioo kikipinda hata kidogo huikusanya mahali pamoja. Nyuzi za nyasi nyingi za mapambo ni za polithilini, plastiki inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 105 hadi 135 hivi, na hulegea na kujikunja kabla ya kufika huko. Dalili yake ni mistari au mabaka ya nyasi zilizosinyaa, yanayofuata njia ya mwanga kadiri jua linavyosogea. Tembelea eneo asubuhi, mchana na jioni siku ya jua kali. Ukiona utepe wa mwanga mkali ardhini ambao hautoki juani moja kwa moja, suluhisho litafutwe kabla ya kununua: kivuli, filamu ya kupunguza mng'ao upande wa nje wa kioo, au sehemu hiyo iwekwe pavingi. Dhamana nyingi za watengenezaji hazihusu uharibifu wa aina hii.

Jambo la tatu ni moto. Kwa baraza la mgahawa, paa au njia ya kutokea dharura, taka cheti cha daraja la moto. Chini ya kiwango cha Ulaya EN 13501-1, vifuniko vya sakafu hupewa madaraja kama Bfl-s1, Cfl-s1 na Efl, la kwanza likiwa bora zaidi kati ya hayo matatu. Soma pia kama kapeti lilipimwa likiwa na mchanga unaomwagwa kati ya nyuzi au bila mchanga huo. Mchanga hupunguza kuenea kwa moto, kwa hiyo cheti kilichopatikana kwa kapeti lenye mchanga hakilindi kapeti lililotandikwa tupu.

Kwa urefu wa nyuzi, mahali panapopitwa na watu wengi weka milimita 20 hadi 30, nyuzi zikiwa zimeshonwa kwa kubanana. Milimita 35 hadi 40 zinafaa mahali pa kutazamwa tu. Nyuzi ndefu huvutia kwenye sampuli, lakini mlangoni hulala ndani ya muda mfupi, na viti vya magurudumu husukumika kwa shida juu yake.

Hesabu ya mfano

Chukua ua wa mita 11.7 kwa 18 juu ya udongo wa kawaida, wa watu kupita kwa miguu tu. Eneo ni mita za mraba 210.6. Upana huo una sababu yake. Roli nyingi zina upana wa mita 4, na roli tatu zikilazwa kando kwa kando zinaonekana kutosha mita 12 kamili. Hazitoshi. Kila ukingo wa kiwandani lazima upunguzwe sentimita mbili hivi, kwa hiyo kingo sita zinakula sentimita 12 na unabaki na mita 11.88. Ua wa mita 12 ungekulazimisha kununua roli ya nne kwa ajili ya ukanda wa sentimita 12 tu. Bora kuongeza mstari mmoja wa pavingi pembeni na kumaliza jambo hilo kwenye mchoro.

Vifaa vya ua huo ni hivi:

- Kapeti: roli 3 za mita 18.2 kila moja, yaani ziada ya sentimita 10 kila ncha. Jumla ni mita za mraba 218.4.
- Udongo wa kuondoa, kwa kina cha milimita 145: mita za ujazo 30.5. Ukishachimbwa huvimba na kukaribia 40, na hiyo ndiyo hesabu ya malori.
- Kokoto za tabaka la milimita 100: mita za ujazo 21 zikiwa zimeshindiliwa. Agiza 26 hadi 27 zikiwa huru.
- Vumbi la mawe la milimita 20: mita za ujazo 4.2, agiza 5.5.
- Kitambaa cha jeotekstaili kisichofumwa: mita za mraba 240 pamoja na vipande vya kupandana.
- Viungo: mita 36. Utepe wenye upana wa sentimita 30, mita 40. Gundi nusu kilo kwa kila mita ya kiungo, yaani kilo 18, na kidogo cha akiba.
- Misumari ya mabati ya milimita 150: 400 ya pembezoni na 200 ya katikati. Agiza 650.
- Mchanga wa silika kilo 8 kwa mita ya mraba: kilo 1,685, yaani mifuko 68 ya kilo 25.

Kuchimba, kingo na kokoto

Kina cha milimita 145 ni kokoto 100, vumbi la mawe 20, na 25 zinazobaki wazi chini ya uso wa ukingo. Kapeti la milimita 30 likiwekwa hapo, nyuzi zitasimama juu kidogo ya ukingo na mgongo wa kapeti utafichika. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua inaponyesha, au pale mkokoteni mzito utakapopita, kokoto zifike 150 hadi 200. Mahali pa magari ni kazi ya mhandisi, hesabu hizi hazihusiki.

Kingo hujengwa kabla ya kokoto kuingia. Mawe ya ukingo yakae juu ya zege na yashikwe kwa zege upande wa nje, kwa sababu mashine ya kushindilia itayasukuma. Ukingo ukihama, misumari ya pembezoni hukosa mahali pa kushika na kapeti hulegea kuanzia huko.

Shindilia udongo wa chini kwanza. Panapobonyea chini ya mashine, chimba zaidi na ujaze kokoto. Angalia sana mistari ya mitaro ya zamani ya mabomba. Mtaro uliofukiwa bila kushindiliwa utajichora juu ya nyasi kama bonde refu, na wakati huo hakuna dawa ila kufumua. Baada ya hapo tandaza jeotekstaili, vipande vipandane sentimita 30. Kazi yake ni kuzuia udongo usipande na kuchanganyika na kokoto.

Kokoto ziwe za kuvunjwa, zenye kona kali na ukubwa mchanganyiko kuanzia chembe ndogo hadi milimita 20 au 30. Kokoto za mtoni ni duara, haziumani, na mashine hata ipite mara ngapi zitaendelea kusogea. Zimwage kwa matabaka mawili, kila moja libaki milimita 50 baada ya kushindiliwa. Nyunyiza maji kidogo hadi zipate unyevu bila kulowa chapachapa, kisha pitisha mashine ya sahani mara tatu au nne, kila mara ukikatisha mwelekeo wa mwanzo. Ukimwaga tabaka nene mara moja, nguvu ya mashine ndogo haifiki chini: juu panakuwa pagumu, chini panabaki huru, na baada ya misimu michache uso unajaa mabonde. Kwa maeneo makubwa andika kwenye mkataba kipimo cha mshindilio cha asilimia 95 cha Proctor (yaani asilimia 95 ya mshindilio wa juu kabisa uliopatikana maabara kwa kokoto hizo), na kipimwe kabla ya tabaka linalofuata.

Mteremko uanzie kwenye udongo wenyewe na ufuatwe na kila tabaka. Asilimia 1 hadi 2 inatosha. Katika upana wa mita 11.7, asilimia 1 ni tofauti ya sentimita 12 hivi kati ya upande mmoja na wa pili, na daima maji yakimbie ukuta wa jengo. Udongo ukiwa hautoi maji, weka upande wa chini mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu la milimita 100, vyote vikiwa vimefungwa kwa jeotekstaili, na bomba lielekezwe kwenye mfereji uliopo.

Vumbi la mawe ndilo linaloamua sura ya mwisho. Liwe na chembe hadi milimita 5 au 6, lisiwe unga mtupu, kwa sababu unga ukishindiliwa huganda na kuziba maji. Lalisha mabomba mawili ya chuma kwa kimo unachotaka, vuta rula ndefu ya alumini juu yake, ondoa mabomba, jaza alama zake, nyunyiza na shindilia. Kisha zungusha rula ya mita 3 kila upande. Nafasi chini yake isizidi milimita 6. Jioni jua likiwa limelala, kila kilima na bonde hutupa kivuli juu ya nyasi, na mteja ataviona.

Kabla ya kuleta kapeti mwaga maji mengi kwa bomba. Baada ya dakika 20 yasibaki madimbwi. Kurekebisha vumbi sasa ni kazi ya saa moja.

Kulaza na kukata

Roli ya mita 4 kwa 25 hufika kilo 250 hadi 300, kwa hiyo panga mapema fokolifti yenye mkuki wa kapeti na njia ya kupita. Kagua kwamba roli zote zimetoka toleo moja la kiwanda. Namba za toleo zikitofautiana, rangi nazo hutofautiana, na tofauti isiyoonekana ghalani huonekana wazi roli zikilala sambamba.

Nyuzi zina mlalo, yaani huinamia upande mmoja. Roli zote zilale mwelekeo mmoja, na kwa kawaida nyuzi zielekee mtazamaji mkuu, yaani mlango mkubwa au barabara. Kipande kilichogeuzwa ili kuokoa mabaki kitaonekana cheusi au cheupe kuliko wenzake siku zote. Tandua roli, ziache zijinyooshe saa kadhaa, na kwenye baridi ziache usiku kucha. Usiburute kapeti juu ya vumbi, linyanyueni.

Kata kwa upande wa mgongo, kisu kikipita katikati ya mistari miwili ya mshono, na badilisha wembe mara tu unapoanza kuvuta nyuzi. Kwenye kila ukingo wa kiungo ondoa mistari miwili au mitatu ya kiwandani.

Kiungo

Kingo mbili zikikutana, nafasi kati ya mstari wa mwisho wa nyuzi wa kapeti hili na wa lile iwe sawa na nafasi iliyopo kati ya mistari ndani ya kapeti lenyewe. Ikiwa nyembamba zaidi, nyuzi husongamana na kusimama kama upindo wa nguo. Ikizidi, unaona mfereji mweusi. Lalisha kingo mahali pake, hakikisha urefu wote, ndipo ukunje kila upande nusu mita kurudi nyuma.

Utepe uwekwe katikati ya mstari, upande laini chini, uvutwe na kushikizwa kwa misumari kila mita chache. Gundi nzuri ya kazi za nje ni poliuretani ya sehemu mbili. Mimina chupa yote ya kigumisha ndani ya ndoo yake, usikadirie nusu kwa macho, na koroga kwa mashine ya mwendo wa taratibu ukikwangua pembeni na chini. Paka kwa mwiko wa meno ukanda wa sentimita 25 hivi. Changanya kiasi utakachomaliza kabla haijaanza kukaza, na kwenye joto muda huo ni mfupi kuliko ulioandikwa kwenye ndoo.

Teremsha upande mmoja, kisha wa pili, huku mwenzako akitangulia kutoa nyuzi zinazotaka kunaswa. Hapa ndipo kazi inapojulikana: mmoja amepiga magoti, kwa bisibisi butu anachomoa uzi mmoja mmoja kutoka kwenye mstari, huku nyuma yake mwingine akikandamiza kwa viganja, halafu mifuko ya mchanga inapangwa juu. Baada ya nusu saa kandamizeni tena, maana kingo hupenda kunyanyuka. Watu wasipite kwa saa 24.

Poliuretani ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi, gundi inaumuka na kujaa vipovu, na kiungo kinakuwa na nguvu kidogo. Kwa hiyo usigundishe kwenye umande, utepe uliolowa, au mvua ikinyemelea. Kiungo kilichogundishwa asubuhi mapema sana, umande ukiwa bado upo, kinaweza kufunguka baada ya miezi michache.

Misumari, chemba na mchanga

Pembezoni piga msumari kila sentimita 15, na katikati kila mita moja, ukikaa mbali na viungo vilivyogundishwa. Tenga nyuzi kwa vidole, piga hadi kichwa kiguse mgongo wa kapeti, basi. Ukizidisha unatengeneza kishimo kinachonasa nyuzi, na eneo linaonekana lina madoa.

Chemba isifunikwe kamwe. Kata kapeti kuzunguka fremu, na kipande kinachobaki kigundishwe juu ya kifuniko chenyewe kama kifuniko kina kina cha kutosha, nyuzi zikifuata mlalo wa wenzake, ili fundi wa maji afungue bila kisu.

Mchanga ni lazima kwenye eneo la biashara. Unatia uzito, unasimamisha nyuzi na unazuia kapeti kutanuka na kukunjamana kwenye joto. Tumia mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa, chembe za duara za milimita 0.4 hadi 0.8. Mchanga wa pwani una chumvi inayovuta unyevu, na mchanga wa ujenzi una udongo unaoziba matundu ya mgongo. Kapeti likiwa kavu kabisa, sukuma nyuzi kwa ufagio wa mota kinyume cha mlalo, kisha mwaga mchanga kwa awamu tatu, kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba kila awamu, na fagia katikati ya awamu. Ukimwaga wote kwa mkupuo, nyuzi zinalala chini ya mchanga na hazitoki tena. Vaeni barakoa za vumbi, kwani vumbi la silika huharibu mapafu.

Juu ya zege na paa

Hapa hakuna misumari. Loweka zege kwa maji, chora mipaka ya madimbwi kwa chaki, yakauke, kisha yajazwe kwa mchanganyiko wa saruji wa kusawazisha. Chini ya kapeti weka godoro la povu lenye njia za maji au mkeka wa kupitishia maji, na kapeti ligundishwe pembezoni na kwenye viungo.

Kwa paa, mhandisi atoe idhini ya uzito kwanza. Kapeti, godoro na mchanga hukaribia kilo 12 hadi 15 kwa mita ya mraba vikiwa vikavu, na mvua huongeza. Gundi iwe imethibitishwa kutodhuru utando wa kuzuia maji, kwa sababu baadhi ya vimumunyisho hulainisha utando. Mashimo ya kutolea maji yaachwe wazi chini ya vifuniko vinavyonyanyuka. Upepo pia uhesabiwe, hasa kwenye pembe za paa ambako mvuto wake ni mkali zaidi.

Kukabidhi na matunzo

Mpe msimamizi wa jengo mchoro unaoonyesha viungo, mabomba na chemba, namba ya toleo la kapeti, na kipande cha mita 2 za mraba cha toleo hilohilo. Mweleze kwamba mlangoni nyasi zifagiliwe kinyume cha mlalo kila wiki, kwingine kila mwezi, na mchanga ukaguliwe kila mwaka, kwa sababu hupungua zaidi pale watu wanapopita. Majiko ya nyama na hita za baraza zikae juu ya zege. Ubani wa kutafuna ugandishwe kwa barafu kisha ukwanguliwe. Uso wa nyasi kwenye jua kali unaweza kupita nyuzijoto 60, na maji huupoza kwa muda mfupi tu, hivyo mahali pa watoto au pa kukaa pawekewe kivuli.

Sehemu ikiungua, weka kipande cha akiba juu yake, nyuzi zikielekea upande uleule, na ukate vyote viwili kwa pamoja ili vilingane. Fagia mchanga utoke sentimita 30 kuzunguka shimo, ingiza utepe chini ya kingo zote nne, gundisha, kandamiza, na urudishe mchanga siku inayofuata.